Dua Mbaya kwa Mrushaji wa Iwamori

Katika uwanja wote wa besiboli wa mkoa, siku ile ya Julai, watu walikuwa wamekuja kuombea timu zao mema. Mmoja tu ndiye aliyekuja kuomba mabaya, tena kwa mtoto aliyempenda kuliko wachezaji wote wa Japani. Alikaa kule juu pembeni, katikati ya wakulima wa Tottori, kichwani kofia pana ya nyasi ya kupandia mpunga, mkononi kikombe cha barafu ya kukwangua iliyomwagiwa sharubati ya tikiti, akinong'ona:

"Apigwe. Enyi miungu ya mkoa huu, mkubwa kwa mdogo, apigwe mapema, twende zetu nyumbani."

Jina lake Tsukuda Yasunari. Kazi yake ilikuwa kusaka vipaji kwa niaba ya klabu ya Korongo, na kofia ile ya nyasi hakuzaliwa nayo. Alikuwa amejificha.

Mtoto mwenyewe aliitwa Asanuma Toma, mrushaji wa mkono wa kushoto wa sekondari ya Iwamori, shule ya serikali iliyozungukwa na mashamba ya mapeasi, ambayo tangu ijengwe haijatoa mchezaji wa kulipwa hata wa kusingizia. Tsukuda alimgundua kipindi cha machipuko kwa bahati ya mpotevu. Alikosea njia, akasimamisha gari aulize, akasikia mlio. Mpira wa kawaida ukiingia kwenye glovu ya mdakaji husema "pa." Huu ulisema "PAAH!" kama mlango uliofungwa na mke aliyekasirika. Tsukuda, ambaye ana mke, aligeuka haraka sana.

Tangu hapo usingizi ukamuaga. Oktoba, siku ya uteuzi, klabu zote za ligi hukaa ukumbi mmoja, kila moja ikataja kijana inayemtaka. Akitajwa na klabu moja, wameoa. Akitajwa na mbili au zaidi, wakubwa huingiza mikono sandukuni kuvuta bahasha, na mapenzi ya mwaka mzima yakaamuliwa na kiganja chenye jasho. Sasa mkuu wa Tsukuda, Bwana Wakisaka, alikuwa na kiganja chenye nuksi inayojulikana nchi nzima. Mtu yule angeweza kuvuta bahasha kwenye sanduku lenye bahasha moja, akatoka na risiti ya maegesho.

Kwa hiyo njia ya kumpata Asanuma ilikuwa moja tu: asijulikane na mtu. Na asijulikane vipi? Ashindwe mapema, kabla macho hayajajaa. Haya ni mashindano ya mtoano. Ukifungwa mara moja, unaaga. Lakini mtoto, kwa ukaidi wake, alishinda mechi ya kwanza, akashinda ya pili, akashinda na ya tatu, na leo ilikuwa robo fainali dhidi ya Seiho, shule ya matajiri yenye bendi ya matarumbeta inayoweza kumwamsha maiti na kumuudhi.

Nyuma ya wavu, pale wanapokaa wasaka vipaji, palikuwa pamejaa. Wote walimfuata Hidaka wa Seiho, mlinzi anayesimama baina ya besi ya pili na ya tatu, kijana mrefu mwenye nywele kama tangazo la sabuni. Na sababu ya wao kujaa ilikuwa, nani tena, Tsukuda huyu huyu. Raundi iliyopita alifumaniwa jukwaani na Mzee Kurihashi, msaka vipaji wa klabu ya Papa, mbweha aliyeota mvi katika kazi hii.

"Ala! Tsukuda! Unafanya nini kwenye mechi ya Iwamori? Unanunua mapeasi?"

"Nimewahi nafasi tu, mzee. Mechi inayofuata anacheza Hidaka."

"Hidaka ana nini?"

Na hapo Tsukuda, kwa hofu, akafungulia bomba. Akasema Hidaka ana miguu ya paa, mikono ya mpishi wa sushi, akili ya hakimu. Akasema klabu yake hailali kwa ajili ya Hidaka. Kesho yake gazeti la michezo likaandika kwa herufi za kutisha: KORONGO WAMZIMIKIA HIDAKA.

Simu ililia sasa mfukoni mwake, awamu ya tatu kati ya tisa ikiendelea. Bwana Wakisaka.

"Tsukuda! Huyo mtoto wako wa mapeasi, kasi yake ngapi?"

"Kubwa, bosi."

"Kubwa ni namba?"

"Nikitoa tochi hapa kila mtu atageuka. Nimempima kwa macho."

Tochi ni ile mashine ya kupimia kasi ya mpira, ndugu wa damu wa ile ya askari wa barabarani. Ya Tsukuda ililala ndani ya begi, chini ya taulo.

"Kwa macho!" alifoka mkuu. "Nikasimame mbele ya mwenye klabu niseme Tsukuda kapima kwa macho? Si ndiyo macho hayo yaliyoniletea yule anayeuza bima sasa hivi?"

"Yule aliumia bega, bosi."

"Alililalia. Halafu nasoma gazetini tumemzimikia Hidaka. Sikuwa na habari. Lakini nimesoma mpaka mwisho, nikasema, hee, kumbe mtoto mzuri!"

"Bosi, ule uwongo niliutunga mimi."

"Basi umeutunga vizuri. Nimeanza kumpenda."

Simu ikakatika. Tsukuda alihama kiti. Dakika chache akahama tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza peke yake bila matarumbeta. Bibi mmoja mwenye taulo shingoni alimtazama kwa huruma, akammiminia chai ya shayiri kutoka kwenye chupa.

"Kunywa, mwanangu. Una mchwa ndani ya suruali?"

"Jua tu, bibi."

"Sisi tunaomba Toma ashinde. Omba na wewe."

"Naomba, bibi," alisema Tsukuda, na hapo hakudanganya. Aliacha tu kutaja anaomba nini.

Kule katikati Asanuma alikuwa anarusha kwa ulegevu wa mtu anayetupa maganda. Aliitunza nguvu yake, akawalaza wapigaji wa Seiho kwa mipira ya kona kona, na matarumbeta yaliufunika mlio wa glovu. Wasaka vipaji nyuma ya wavu walipiga miayo. Waliomfuata mlinzi hawana haja ya tochi. Mabegi yao yalikuwa yamefungwa. Hidaka alipokuja kupiga waliinuka, akakosa, wakakaa.

Awamu tano zikaisha bila bila. Yakaja yale mapumziko ya kulainisha uwanja, wanafunzi wakikimbia na reki, wengine wakimwagilia udongo maji. Tsukuda akateremka kwenye ukumbi wa chini kutafuta kivuli, na kivulini akamkuta Mzee Kurihashi akila tambi za kukaanga.

"Kofia imekupendeza," alisema mzee. "Mkeo amekufukuza, unatafuta shamba?"

"Jua kali, mzee."

"Hidaka wako leo hapigi kitu."

"Atapiga. Subiri."

"Huyu anayemnyima ndiye ananishangaza." Mzee alivuta tambi, akafuta mdomo. "Mkono wa kushoto, mwili mzuri. Kumbe hana mchumba. Asubuhi nimemuuliza mwalimu wake, Nagatomi, yule wa kemia. Anasema mtoto hajiandikishi."

"Hajiandikishi kwa uteuzi?"

"Ajiandikishe nini, wakati hakuna klabu hata moja iliyoleta uso?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wa kazi hii. Msaka vipaji ni mwiko kumsemesha mwanafunzi au wazazi wake mpaka mtoto ajiandikishe kwa hiari yake, mashindano yakiisha, kwamba anataka kucheza kwa kulipwa. Huna ruhusa hata ya kumpungia mkono. Kwa hiyo unazungumza kwa uso. Unakaa nyuma ya wavu, kocha anakuona. Mechi nyingine unaonekana tena. Kocha anamwambia mtoto: kuna uso umekuja. Uso ndio posa. Na Tsukuda, tangu machipuko, alikuwa anaposa akiwa uvunguni mwa kitanda.

"Mwalimu ananiambia raundi iliyopita alikuona wewe jukwaani," mzee aliendelea. "Mtoto akafurahi kweli. Halafu wakasoma gazeti, kumbe mwenzao umekuja kwa Hidaka. Basi mtoto amemwomba mwalimu ampigie debe kwa ushirika wa mapeasi, akapange matunda akimaliza shule. Wakifungwa leo, besiboli basi." Mzee akalikunja boksi la tambi. "Mimi nasema hivi: mtoto mzuri namna hiyo, na hakuna aliyemfuata, basi ana kasoro. Wenye macho wameshaiona. Au siyo, kijana?"

Kosa lilikuwa kwenye jibu. Tsukuda alitakiwa kucheka tu. Badala yake alisema, "Sijui, mzee," kwa sauti ya mtu anayekanyagwa, na mzee akamtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyotaka.

Awamu ya sita Tsukuda hakuiona. Alipanda ngazi, akashuka. Akaenda msalani, akasahau alichofuata, akarudi. Hesabu ilikuwa inamzunguka kichwani kama nzi. Akikaa kimya na Iwamori wakafungwa, siri yake inabaki salama salimini, na mtoto anakwenda kupanga mapeasi: makubwa huku, madogo kule, maisha yake yote, akiamini hakuna aliyemtaka. Tsukuda hatakuwa na mpinzani, wala hatakuwa na mchumba. Akijionyesha, mtoto atajua anapendwa, na klabu zote zitajua papo hapo, na itakuja sanduku, na kiganja cha Wakisaka.

Na yeye alikuwa anaomba mtoto apigwe! Alijaribu kuirudisha ile dua. Lakini dua si kadi ya benki, huwezi kupiga simu waizuie.

Awamu ya saba ilipoanza, Tsukuda alishuka. Hakupita pembeni, alishuka ngazi za katikati na kofia yake ya mpunga, akawaruka wasaka vipaji miguu, samahani, samahani, akasimama nyuma ya wavu mahali ambapo hata kipofu angemwona. Akafungua begi. Akatupa taulo. Akainua tochi kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha pete mbele ya ukoo mzima.

Asanuma alikuwa anakanyaga udongo wa kilima chake cha kurushia. Aliinua macho, akaiona tochi. Akatazama nyuma yake, kama vile pana mrushaji mwingine. Halafu akaelewa. Akashusha pumzi, akainua mguu.

PAAH!

Safari hii matarumbeta yalikuwa yamenyamaza kubadilisha wimbo. Kwenye kioo cha tochi ziliwaka namba: kilomita mia moja arobaini na tisa kwa saa. Kisha nyuma ya Tsukuda ikasikika sauti moja, zzzip, zipu ya begi. Zzzip nyingine. Zzzip, zzzip, zzzip, mpaka ikawa kama hema linafungwa na jeshi. Tochi zikainuka safu nzima.

"Mwanaharamu wewe," alisema Mzee Kurihashi taratibu, kwa heshima kubwa. "Kumbe Hidaka alikuwa shuka la kumfunikia huyu!"

Tsukuda alikuwa anamtazama mtoto, na alichokiona hakikumfurahisha. Kijana ambaye hajawahi kuposwa, akiamka siku moja akakuta barazani wamejaa wachumba, hupoteza akili. Asanuma sasa alitaka kuwapa wote, tena kwa mara moja. Mpira uliofuata ulikwenda mia hamsini na moja na kupita juu ya kichwa cha mdakaji. Uliofuata ulichimba udongo. Mpigaji wa kwanza akapewa besi ya bure kwa mipira mibovu. Wa pili naye bure. Wasaka vipaji wakasoma namba kwa sauti kama wachuuzi, na kila namba ilivyopanda, mpira ulizidi kwenda unakojua wenyewe.

"Taratibu," Tsukuda alijikuta anasema kwenye wavu, kwa sauti ya chini, maana hata hilo ni mwiko. "Taratibu, baba. Tupa maganda. Tupa maganda tu."

Akaja Hidaka.

Mpira wa kwanza Hidaka aliupunga hewa. Wa pili aliutazama ukipita, mwamuzi akanyoosha mkono. Bado mmoja tu wa kukosa, na Hidaka anatoka. Wa tatu ulikuwa wa kasi, mnyoofu, mzuri, mzuri kupita kiasi, katikati kabisa, na Hidaka, miguu ya paa, mikono ya mpishi wa sushi, akaupiga. Ukaruka juu ya vichwa vya walinzi, ukadunda mpaka kwenye ukuta, na wakimbiaji wote wawili wakarudi besi ya nyumbani wakipiga kelele, pointi mbili. Miungu ya mkoa, mkubwa kwa mdogo, ilikuwa imeipokea ile dua ya mapema, imechelewa tu foleni.

Baada ya pigo lile Asanuma alisimama, akavua kofia, akafuta uso, akacheka kidogo peke yake. Kisha akarusha mpaka mwisho kama mtu aliyekwisha kufiwa na hana tena cha kuogopa. Hakuna mpigaji mwingine wa Seiho aliyeugusa mpira wake. Lakini Iwamori nao hawakupata kitu. Mbili bila. King'ora kikalia, timu zikainamiana, na watoto wa mapeasi wakaenda mbele ya jukwaa lao kuinama na kulia. Yule bibi mwenye taulo alikuwa analia pia, akipiga makofi.

Nje, kwenye mlango wa wachezaji, wasaka vipaji walikuwa wamepanga foleni mbele ya Mwalimu Nagatomi, kadi mkononi, migongo imepinda. Aliyemgundua mtoto kabla yao wote alifika wa mwisho.

Mwalimu, mtu mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa shati hata siku ya mechi, aliisoma kadi.

"Korongo. Ninyi si wa Hidaka?"

"Hapana, Mwalimu. Hidaka nilimsingizia."

"Ulimsingizia nini?"

"Uzuri."

"Miaka yote ya ualimu sijaona mtu akisingiziwa uzuri," alisema mwalimu. "Tena na mtu mwenyewe akaja akauthibitisha!"

"Hata mimi amenishangaza."

"Toma umemfuata tangu lini?"

"Tangu mapeasi yalipotoa maua."

Uso wa mwalimu ulibadilika. "Maua! Leo matunda ni kama ngumi, bwana! Mtoto huyu kila mechi anarudi benchi ananiuliza: Mwalimu, kuna uso wowote? Namwambia hakuna, mwanangu, isipokuwa yule wa Hidaka. Namuuliza mdakaji, anasema hakuna. Kumbe uso upo, umevaa nyasi!"

Tsukuda aliinama mpaka ile kofia ikamwanguka. Hakuiokota.

"Awamu ya saba," mwalimu aliendelea, sauti imelegea kidogo, "akaniuliza yule mwenye tochi ni wa klabu gani. Nikamwambia sijui, labda ni mkulima ameiiba kwa polisi."

"Atajiandikisha, Mwalimu?"

Mwalimu alizipanga zile kadi kama karata. "Ameniambia nisiwapigie tena watu wa ushirika. Atajiandikisha. Lakini sikiliza. Usidhani nitamwambia nani alianza. Mlango ni mmoja na foleni umeiona. Nenda."

Simu ikalia kabla hajafika kwenye maegesho.

"Tsukuda! Nimesikia redioni, Hidaka amepiga! Tumalize kazi, jina ni Hidaka."

"Jina ni Asanuma, bosi."

"Aliyepigwa?"

"Aliyepigwa. Mia hamsini na moja."

"Umempima kwa nini leo, kwa pua?"

"Kwa tochi."

Bwana Wakisaka alikuwa anameza mate, ilisikika. "Mkono wa kushoto, mia hamsini na moja. Mbona hukusema mapema? Na wengine wamemwona?"

"Wote, bosi."

"Wote! Asubuhi hakuna aliyemjua! Mjinga gani amewaonyesha?"

"Nitafuatilia, bosi," alisema Tsukuda, akakata.

Alipogeuka, Mzee Kurihashi alikuwa ameegemea gari lake, anajipepea kwa ratiba ya mechi.

"Kijana, leo nimekuvulia kofia, maana wewe huna tena. Niambie kitu kimoja, mtu kwa mtu. Umemtazama kuliko sisi sote. Mwishoni nimeona anautikisa mkono. Kiwiko vipi?"

Tsukuda alisimama. Neno moja tu lilihitajika. Si neno hata. Kuguna kungetosha, kukwepa macho kidogo, na nusu ya ile foleni ingechana kadi. Kiganja cha Wakisaka kisingeona sanduku. Akaliona gazeti la kesho, na mtoto akilisoma benchini pembeni ya mdakaji wake.

"Mzima," alisema. "Kiwiko kizima, bega zima. Huwa anautikisa hivyo hata akitoka kunawa."

Mzee alimchungulia usoni, jicho moja limefumba, akimtafuta. Akamtafuta sana. Kisha akatabasamu polepole, akampigapiga begani.

"Kumbe kimekufa kabisa," alisema. "Asante, mwanangu." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu kuwaarifu wa klabu yake, akaanza kuondoka.

"Mzee! Nasema kweli!"

"Najua, najua. Hata Hidaka ulisema kweli."

"Mzee Kurihashi! Naapa kwa mke wangu, kiwiko kizima!" Mzee aliongeza mwendo, simu sikioni, mabega yakitikisika kwa kicheko, na Tsukuda akaanza kumkimbiza kati ya magari, kichwa wazi juani, begi likimpiga mgongoni, akipiga kelele ambazo maegesho yote yalisikia: kwamba mtoto ni mzima, kwamba hajawahi kuona mrushaji kama yule, kwamba waje, waje wote, wamchukue.